Viti 19 kati ya 50, na bado wanaongoza: hii imekaaje?

SWALI: "Mimi ni Mkenya, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Bishop's Stortford, kwa viza ya kazi. Mwaka 2023 niliambiwa kwamba baraza la wilaya yetu, East Hertfordshire, limechukuliwa na chama cha Green. Juzi nikaamua kuyatazama matokeo mwenyewe: Green viti 19, Conservative 16, Liberal Democrats 10, Labour 5. Jumla 50. Kumbe Green hawakufika hata nusu, ilhali kiongozi wa baraza alitoka kwao! Kwetu mtu asipofika nusu uchaguzi unarudiwa, au watu wanaenda kortini. Hapa kimya. Je, waliiba? Rafiki yangu anasema tangu waingie hawa kodi imepanda, barabara zimejaa mashimo, na ndio wanaotunyima nyumba za baraza. Tena ananionya nisijiandikishe kupiga kura, eti nitaharibu viza. Mume wangu ni Mkongomani, naye anauliza kama anaweza kupiga kura. Nisaidie nielewe."

JIBU: Dada yangu, hesabu yako ni sahihi, na nafurahi kwamba uliifuata mwenyewe. Mashaka yako pia hayanishangazi. Nimekuwa karani wa kituo cha kupigia kura na nimekaa kwenye kumbi za kuhesabia, na swali hili huulizwa na watu waliokulia hapa hapa Uingereza, sembuse sisi tuliokuja tukiwa na uchaguzi wa kwetu kichwani. Hakuna aliyeiba. Ila jibu hilo peke yake halitakutosha, kwa hiyo twende polepole.

Siku ile, Mei 4, 2023, hakuna mkazi wa East Hertfordshire aliyempigia kura kiongozi wa baraza. Nafasi hiyo haikuwemo kwenye karatasi. Watu walichagua madiwani 50, kila wadi na wa kwake, basi. Kiongozi huchaguliwa baadaye na madiwani wenyewe, katika kikao cha mwaka kinachofanyika wiki chache baada ya uchaguzi. Hapo ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuchanganya. Kenya unapewa karatasi ya gavana na karatasi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, mbali mbali, na gavana akishapita amepita, hata kama chama chake kina MCA wachache kwenye bunge la kaunti. Hapa gavana wa namna hiyo hayuko. Kiongozi wa baraza la wilaya ni diwani kama wenzake, na anakaa kwenye kiti chake kwa muda wote ambao wenzake wengi wanakubali akae. Wakimchoka, wanapiga kura ukumbini na kumwondoa, bila mkazi hata mmoja kuitwa kituoni.

Na ile kanuni ya nusu na zaidi uliyoitaja, hata Kenya ni ya rais peke yake. Gavana, seneta, mbunge na MCA wote hupita kwa kumzidi wa pili, hata kwa kura moja. Katika hilo diwani wa Bishop's Stortford na MCA wa Kisumu hawatofautiani.

Sasa rudi kwenye tarakimu zako. Viti ni 50, kwa hiyo anayetaka kupitisha jambo bila kumwomba mtu anahitaji 26. Green walikuwa na 19, wamepungukiwa na saba. Conservative walipungukiwa na kumi. Waingereza wana jina la hali hii: hakuna chama chenye udhibiti wa baraza. Jina hilo linatisha, kana kwamba gari limeachwa bila dereva, lakini maana yake ni kwamba lazima watu wakae chini waongee. Wakaongea. Green na Liberal Democrats wakaungana, 19 na 10 ni 29, na Ben Crystall wa Green akawa kiongozi.

Hebu tazama pia hesabu ambayo haikutokea. Green na Labour pamoja ni 24, hawafiki. Conservative na Liberal Democrats je? 16 na 10 ni 26 kamili. Kwa hesabu tupu, wale madiwani kumi wa Liberal Democrats wangeweza kukaa na upande wowote kati ya pande mbili kubwa na kuupa baraza. Chama cha tatu kwa ukubwa ndicho kilichoshika ufunguo. Mtu akikuambia Green walichukua baraza kwa nguvu, mwonyeshe hesabu hiyo. Walipewa, na waliopewa na wenzao wanaweza kunyang'anywa na wenzao hao hao.

Kwa nini basi uchaguzi usirudiwe? Kwa sababu sheria ya huku haina marudio ya namna hiyo, wala baraza haliwezi kujivunja lipige kura mapema. Madiwani wamewekewa miaka minne. Wakishindwa kuelewana leo, itabidi waelewane kesho, maana kila mwaka bajeti na kodi ya baraza lazima vipitishwe kabla ya Machi 11. Tarehe hiyo haingojei mtu. Mimi naiona ni dawa nzuri ya ukaidi.

Sitakuficha ubaya wake. Mpiga kura anapoingia kituoni hajui chama chake kitaungana na nani kesho yake. Huenda ulimpa kura mtu wa Liberal Democrats ukiwa hutaki kabisa Green, ukaamka umewasaidia. Mapatano hufanywa na viongozi wa vyama wakati wewe umekwisha kurudi kazini. Na mambo yakiharibika, kila mmoja ana mwenzake wa kumtupia lawama. Malalamiko hayo ni ya haki, na mtu akiyatoa mimi simbishii.

Lakini nikuonyeshe matokeo mengine ya wilaya hiyo hiyo, maana hayo ndiyo yanayonisumbua mimi kuliko 19 kati ya 50. Mwaka 2015, Conservative walipata viti vyote. Hamsini kwa hamsini. Mwaka 2019 wakapata 40. Mwaka 2023 wakabaki na 16. Sasa jiulize: mwaka 2015 ina maana East Hertfordshire nzima hakukuwa na mtu wa Labour, wa Green, wala wa Liberal Democrats? Walikuwepo kwa maelfu, na walipiga kura. Hawakupata kiti hata kimoja.

Inawezekanaje? Chukua wadi ya mfano, yenye viti vitatu na wapiga kura elfu moja. Kila mmoja ana kura tatu, moja kwa kila kiti, na hawezi kumpa mtu mmoja zote. Watu 400 wanapenda chama A, nao wanawapa kura wagombea wake watatu. Watu 350 wanafanya vivyo hivyo kwa chama B, na 250 kwa chama C. Wagombea watatu wa A wanapata 400 kila mmoja, wa B 350 kila mmoja, wa C 250. Viti vitatu vyote vinakwenda A. Watu 600 kati ya elfu hawakukitaka chama hicho, na bado wadi yote ni yake. Sasa rudia jambo hilo wadi baada ya wadi, utafika hamsini kwa hamsini. Mashine hiyo hiyo inaweza kugeuka: watu wachache wakihama kutoka A kwenda B katika kila wadi, viti vinaporomoka kwa makumi. Ndiyo maana chama kinaweza kuwa na baraza zima leo, na baada ya chaguzi mbili kikahesabiwa cha pili.

Hapo pia ndipo unapotakiwa kuwa mwangalifu na mtu anayejumlisha kura za wilaya nzima ili kuthibitisha kwamba "walioshinda hasa" ni fulani. Kuna wadi za kiti kimoja, za viti viwili na za vitatu, kwa hiyo mkazi wa hapa anaweza kuwa na kura tatu na jirani yake ng'ambo ya barabara moja. Chama kilichosimamisha wagombea wengi kitaonekana kina kura nyingi. Jumla hiyo haikupi idadi ya watu waliokipenda.

Nikisema wazi maoni yangu, baraza la vyama vinne ambalo hakuna anayeweza kujiamulia peke yake ni bora kwa mkazi kuliko baraza la chama kimoja lisilo na mpinzani hata mmoja ukumbini. Swali gumu lazima liwe na wa kuliuliza. Wapo ninaowaheshimu wasiokubaliana nami, wanaosema baraza lenye wingi wa wazi hufanya kazi haraka. Wana hoja yao pia.

Umegusia korti. Njia za kupinga zipo. Ukumbini, mgombea au wakala wake akiona tofauti ni ndogo anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, na msimamizi wa uchaguzi ndiye anayeamua kama ombi lina maana. Wakitoka sare kabisa, sheria inasema mshindi apatikane kwa bahati nasibu. Huo si mzaha: mwaka 2017, baraza la Northumberland lilipokuwa linahesabu, wadi ya South Blyth ilitoka sare, wagombea wawili wakachomoa vijiti, na Liberal Democrats wakapata kile kirefu. Kwa kijiti hicho Conservative walibaki na viti 33 kati ya 67, kimoja pungufu ya kulitawala baraza. Baada ya matokeo kutangazwa, mgombea, au wapiga kura wanne kwa pamoja, wanaweza kufungua kesi ya uchaguzi ndani ya siku 21. Ni ghali, na lazima uweke dhamana ya gharama, lakini si ya kupuuza: wapiga kura wanne wa Tower Hamlets, London, ndio waliofungua kesi iliyofuta matokeo ya umeya ya mwaka 2014. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kura ziliibwa, muulize kama kuna aliyekwenda kortini ndani ya siku hizo na korti ilisema nini. Kiongozi kutoka chama chenye viti 19 si jambo la kupelekea korti. Ni hesabu ya muungano.

Sasa lawama za rafiki yako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, si kwake bali kwa mfumo wenyewe, maana umepangwa kwa namna inayowapotosha watu wema. Unaishi chini ya mabaraza mawili kwa pamoja. Liko la wilaya, East Hertfordshire, na liko la kaunti nzima, Hertfordshire, lenye madiwani wengine waliochaguliwa siku nyingine. Barabara za mitaani na mashimo yake ni za kaunti. Shule ni za kaunti. Huduma za wazee, yaani ile kazi yako ya kila siku, ziko kaunti pia. Kama baadhi ya wazee unaowatunza wanalipiwa na baraza, fedha inatoka huko. Wilaya inazoa mapipa ya taka, inatoa vibali vya ujenzi, inakagua usafi wa mikahawa, inatoa leseni za teksi na baa, inaendesha uchaguzi na kukusanya kodi.

Neno hilo la mwisho ndilo chanzo cha matatizo. Bili ya kodi ya baraza inakuja na jina la East Hertfordshire juu kabisa, kwa hiyo kila mtu anadhani fedha yote inakwenda huko. Geuza karatasi usome mgawanyo wake. Fungu kubwa kuliko yote ni la kaunti, lipo la polisi, lipo la baraza dogo la mji wako, na wilaya inabaki na fungu dogo. Zaidi ya hayo, katika miaka ya karibuni wilaya hairuhusiwi kuongeza fungu lake kwa zaidi ya asilimia 3 au pauni 5 kwa mwaka kwa nyumba ya daraja la D (nyumba hupangwa kwa madaraja ya thamani, na D ndilo la kulinganishia), chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, mpaka iwaite wakazi kwenye kura ya maoni. Kodi kupanda, kweli imepanda. Ila sehemu kubwa ya kupanda huko haikuamuliwa na wale 50.

Mahali ambapo wilaya ina meno hasa ni kwenye ujenzi. Mpango wa wilaya uliopitishwa mwaka 2018 ulitenga eneo la Gilston, karibu na Harlow, kwa nyumba 10,000. Hilo ni badiliko litakalogusa foleni za magari, zahanati na shule kwa miaka mingi. Na hata hapo, baraza jipya haliingii asubuhi na kuchana alichokipitisha mwenzake; kibali kilichotolewa kinabaki kibali, na kukifuta kuna fidia. Ukiahidiwa na mgombea kwamba akiingia atafuta kila kitu, mwulize kwa sheria ipi.

Kuhusu nyumba za baraza, hapa rafiki yako amekosea, na kosa hili linaweza kukugharimu. Nyumba zenyewe East Hertfordshire ilikwisha kuzihamishia kwa vyama vya nyumba, yaani mashirika yanayopangisha nyumba, si vyama vya siasa, kabla Green hawajaota kuliongoza baraza. Lilichobaki nacho ni orodha ya waombaji. Na kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, kama zilivyo viza nyingi za kazi, basi orodha hiyo haikufungulii mlango, awe anaongoza Green, Conservative au Labour. Masharti hayo yanatoka serikali kuu. Usijaze fomu ya nyumba kwa kubahatisha: kupokea usichoruhusiwa ndiko kunakoweza kuharibu viza.

Kupiga kura hakuharibu. Nalisema kwa uhakika kwa sababu nimeona watu wakiogopa bure kwa miaka mingi. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliye Uingereza kwa ruhusa halali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, katika uchaguzi wa mabaraza na hata wa Bunge. Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo, na Rwanda imo tangu 2009. Si lazima uwe na ukaazi wa kudumu. Viza ya kazi inatosha maadamu haijaisha. Kura si fedha za umma. Tena kuwemo kwenye daftari la wapiga kura huwa kunasaidia unapoomba mkopo au laini ya simu ya mkataba, kwa sababu kampuni huangalia humo kuhakikisha anwani yako. Kugombea udiwani ni jambo lingine, huko kunahitaji ukaazi wa kudumu.

Jiandikishe angalau siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, si baada ya hapo. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha kituoni, na pasi yako ya Kenya inakubaliwa. Hata ikiwa imepitwa na wakati, inapokelewa mradi picha bado inafanana nawe. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, kwa hiyo zamu ndefu haikuzuii. Na ukiona ratiba ya kazi imekubana, omba mapema kura ya posta.

Mume wako habari yake ni tofauti, na naomba msibahatishe. Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola, kama ilivyo Burundi. Kwa pasi ya Kongo hawezi kupiga kura hata akiwa na ukaazi wa kudumu, mpaka apate uraia wa Uingereza, au awe na uraia wa nchi nyingine inayoruhusiwa. Fomu itauliza uraia wake. Ajibu ukweli. Kuandika uongo hapo kwa makusudi ni kosa la jinai, na kesi ya namna hiyo ndiyo inayoweza kumfuata siku ya kuomba uraia.

Jambo moja la kufuatilia. Madiwani hawa walipewa muda hadi Mei 2027. Lakini Desemba 2024 serikali kuu ilitangaza mpango wa kuondoa ngazi mbili za mabaraza England na kuziunganisha wilaya katika mabaraza makubwa yanayofanya kazi zote, na Hertfordshire ni moja ya kaunti zinazoguswa. Kwa hiyo barua ya uchaguzi itakapokuja, isome vizuri uone ni baraza gani unalochagua. Usidhani ni lile lile la 2023.

Kwa mambo ya viza na uraia, mwone ana kwa ana mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kisheria, si mtu wa kanisani au msikitini aliyefanikiwa na ombi lake. Kwa deni la kodi au nyumba nendeni Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, ni bure, na mkizidiwa na kodi ya baraza msingoje barua ya pili. Na kwa lile shimo mlangoni kwenu, usiandike East Hertfordshire. Andika kaunti, taja barabara na namba ya nyumba iliyo karibu, piga na picha, kisha mpe nakala diwani wako wa kaunti.